Shikamooni Nyote wa Jukwaa la Maji

Naanza kwa kuwatoa wasiwasi: nchi ninayoisema haipo. Ukiona inafanana na mahali unapopigia kura, hayo ni macho yako, nenda kayapimishe. Mimi naiita Jamhuri ya Taadhima. Nimeitumikia miaka kumi na tisa kwa moyo mkunjufu kabisa, na sina mtu ninayemlaumu. Nimekuja kueleza tu jinsi adabu ilivyotekelezwa, maana naona mitaani watu wanazungumza mambo wasiyoyajua.

Kazi yangu ilikuwa Msimamizi wa Jukwaa la Maji. Jukwaa hilo halikuwa la mbao wala la mkutano wa hadhara. Lilikuwa orodha ya barua pepe: mtu mmoja akiandika, barua inawafikia wanachama wote elfu tatu mia sita na kumi na wawili kwa mpigo. Humo walikuwamo mafundi wa mitambo, wahandisi, wakuu wa bohari, wastaafu, na kila mheshimiwa aliyewahi kukata utepe mbele ya bomba. Lakini barua haiendi hivi hivi. Inakuja kwangu kwanza. Nikibonyeza "Pitisha," inakwenda. Nikibonyeza "Rudisha," inarudi kwa mwenyewe na maelezo ya upole niliyoyatunga mimi mwenyewe. Watu walikuwa wakinisifia jinsi ninavyorudisha.

Zamani Taadhima haikuwa na kanuni za barua pepe. Watu waliandika ovyo tu, kama wako kwenye kibanda cha chipsi. Siku moja mtu wa Idara ya Visima akaandika jukwaani, "Wadau mambo vipi, pampu imegoma tena," na barua ikamkuta Waziri mezani anakula. Waziri alilazwa siku tatu. Pampu sijui iliishia wapi.

Ndipo akaitwa mama mmoja mtaalamu wa kompyuta, akaandika adabu za jukwaa kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa mzuri, wallahi, ninao mpaka leo. Kichwa cha barua kiseme barua ina nini. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, msomaji ataona unampigia kelele. Usijibu watu wote kwa jambo la mtu mmoja. Ukimjibu mtu usimrudishie barua yake nzima, chukua mstari unaohusika. Jina lako chini, mistari isizidi minne. Ukiwa na hasira, ngoja kesho. Basi, ndiyo hayo tu. Mama yule alipigiwa makofi, akapewa doti ya kanga, akarudishwa kwao. Ukurasa wake ukaenda kwenye kamati, kamati ikaupeleka warsha, warsha ikaupeleka semina elekezi, na ulipotoka huko ulikuwa na kurasa mia moja na arobaini na wizara yake.

Mistari minne ya jina ikawa ndiyo kima cha chini, kwa kuwa kuna watu vyeo vyao havienei. Kichwa cha barua kikakatazwa kusema habari yenyewe, ili kisimshtue mkubwa. Ile kanuni ya kutojibu watu wote iliachwa, ikaongezewa maneno machache tu: "isipokuwa salamu, ambayo ni haki ya kila mwanachama." Maneno hayo niliyapendekeza mimi. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi, nami nikainama kidogo.

Simu nazo zikapigwa marufuku kwa shughuli za kikazi, kwa sababu simu haina nakala kwa waheshimiwa. Fundi akikutwa na namba ya fundi mwenzake, anahesabiwa anafanya umbea wa kikazi. Namba zote za mitambo zikaandikwa kwenye daftari moja, daftari likafungiwa kwenye kabati langu, ufunguo nikapewa mimi. Niliuvaa shingoni kwa fahari, hata mke wangu akawa ananitania eti nimeoa kabati.

*

Sasa, Jumatatu ya wiki ile, mitambo yote kumi na miwili ya maji nchini ilikuwa imefungwa. Dawa ya kusafishia maji ilikwisha, na Bohari Kuu ikatuma mapipa mapya kwa malori. Serikali ikaona tukio hilo lisipotee bure. Ikatangaza kwamba mapipa yatafunguliwa siku moja, saa moja, nchi nzima, Ijumaa alfajiri, kwa jina la Siku ya Maji Matukufu. Wananchi wakaambiwa wavute subira siku nne, wapange ndoo zao.

Saa nne asubuhi ikaniingilia barua kutoka mtambo wa Chamkoko. Mwandishi ni fundi anaitwa Zamoyoni Mbwiga, mwanamke wa miaka thelathini na nne, daraja la nne. Kichwa chake kilisema: MSIFUNGUE MAPIPA!! Ndani ilikuwa na mistari miwili: "Nimefungua moja kupima. Si dawa ya maji, ni dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe. Ni sumu. Msiweke kwenye maji."

Loo! Nilishika kichwa. Siyo kwa ajili ya sumu, msinielewe vibaya, sumu ilikuwa kwenye mstari wa pili na mimi sikuvuka kichwa cha barua. Herufi kubwa tupu! Alama mbili za mshangao! Na "msifungue," kitenzi cha amri, anawaamrisha watu elfu tatu na ushee ambao nusu yao wanaweza kumzaa. Salamu hakuna, hata kikohozi cha kubisha hodi. Nikabonyeza "Rudisha" na maelezo yangu ya upole: "Mpendwa Mwanachama, tumeipokea sauti yako. Tunakuomba uishushe."

Jumanne asubuhi akaandika tena. Herufi ndogo safari hii, nikafurahi. "Itifaki imezingatiwa. Mapipa yana dawa ya josho. Nimechota kikombe nikamwaga kwenye ndoo, maji yakawa meupe. Baba yangu alifanya kazi joshoni miaka mingi, harufu hiyo naijua. Tafadhali tusiyafungue."

Hii niliisoma yote. Nikasema hapana, ngoja nimwone Mkurugenzi.

Mkurugenzi wetu alikuwa Mheshimiwa Daktari Balozi Mstaafu Ngwaru Fumbwe. Alikuwa na sauti nzito na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusomewa. Nilimpa karatasi, akaisoma neno la kwanza na la pili, akasimama hapo.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Na nani?"

"Na yeye mwenyewe, Mheshimiwa. Ni namna ya kufupisha."

"Daraja la nne anafupisha? Ndugu Msimamizi, mimi nimekaa ubalozini miaka tisa. Anayetamka kwamba itifaki imezingatiwa ni yule anayezingatiwa. Huyu awataje watu wake mmoja mmoja, kwa vyeo, kuanzia juu."

"Mheshimiwa, anasema kwenye mapipa kuna sumu."

Akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. "Sumu ni jambo la kitaalamu, litashughulikiwa kitaalamu. Sisi hapa tunashughulika na taifa. Taifa linashikamana kwa salamu. Mtu akikuokoa bila kukusalimia, amekuokoa nini? Amekudharau ukiwa hai."

Nilitoka ofisini kwake nimeguswa kabisa. Ndivyo nilivyokuwa.

*

Mchana huo huo simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa laini ya malalamiko, pekee iliyoruhusiwa.

"Shikamoo kaka. Mimi Zamoyoni wa Chamkoko."

"Marahaba, dada. Pole na kazi."

"Kaka, barua imerudi tena. Nimekosea nini safari hii?"

Nikamweleza habari ya itifaki. Nikasikia kuku wanalia upande wake.

"Kaka'ngu, mimi sijui kuandika barua. Mimi fundi. Nikimwambia mtu hapa kuna shoti, ananyanyua mkono, haniulizi cheo. Mtambo wa Mlimbiko peke yake unalisha watu elfu arobaini. Bohari nimewaandikia, wananiambia nipitie jukwaani. Bosi wangu ananiambia nipitie jukwaani. Sasa jukwaa ndiyo wewe. Nifanyeje?"

"Wewe mwenyewe umefunga mtambo wako?"

"Nimefunga na kufuli nimetia. Wananitukana hapa mlangoni, wanadhani nawanyima maji. Lakini wale kumi na mmoja wengine watafungua Ijumaa."

Jamani, mimi si jiwe. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, dada, usijali, nitakuandikia mwenyewe. Akanishukuru mpaka nikaona haya.

Nilikaa na barua ile Jumanne iliyobaki na Jumatano yote. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile, na sidhani kama nitaandika kingine. Kichwa niliweka: "Ombi la Unyenyekevu Kuhusu Suala Linalofungamana na Baadhi ya Vyombo vya Kuhifadhia." Kurasa nne za kwanza ni waheshimiwa, kwa vyeo, kuanzia juu, pamoja na wake zao. Kurasa mbili ni pole kwa majukumu. Ukurasa wa saba ni hongera kwa Siku ya Maji Matukufu. Wa nane ni shukrani kwa malori. Kanuni inasema shida isitangulie shukrani, kwa hiyo shida niliiweka ukurasa wa kumi na moja, baada ya kuomba radhi kwa urefu. Bohari Kuu, nilipowaonyesha, wakasema "dawa ya josho" ni kashfa kwao. Nikaandika "kimiminika chenye matumizi mengine mema." Na badala ya "msifungue" nikaandika "itapendeza iwapo ufunguaji utatafakariwa."

Nikamsomea Zamoyoni kwenye simu. Nilipomaliza nikangoja anisifie.

"Kaka," akasema, "mtu akisoma hapo atajua asiyafungue?"

"Mwenye kuelewa ataelewa."

"Na asiyeelewa?"

Nikamwambia ndiyo maana kuna semina. Akasema haya, ilimradi iende leo. Haikwenda leo. Ilikwenda Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa jina lake, baada ya Mkurugenzi kuipigia mhuri akiwa na machozi. Na kabla sijabonyeza "Pitisha" nikaona mwanzo wake ni mkavu, majina tupu yanaanza. Nikaongeza kwa mkono wangu mwenyewe mstari wa juu kabisa, uwe na joto la kibinadamu: "Shikamooni nyote."

*

Ninyi wasomaji mnajua shikamoo. Shikamoo haiachwi hewani. Ukimsalimia mkubwa akanyamaza, ama hakukusikia ama amekususa. Na salamu, kwa kanuni yangu mwenyewe, ilikuwa haki ya wote, hujibiwa kwa wote.

Saa tatu na dakika mbili ikaingia "Marahaba" ya kwanza, kutoka kwa mstaafu mmoja wa Idara ya Mabomba. Wote elfu tatu na ushee wakaipata. Saa tatu na dakika tano zilikuwa zimefika arobaini. Saa nne zilikuwa mia sita. "Marahaba." "Marahaba binti." "Marahaba sana, hujambo?" Na kila mmoja alirudisha chini yake barua nzima ya kurasa kumi na mbili, kwa sababu kukata maneno ya mwenzako kulishakatazwa.

Waliokuwa wadogo kwa Zamoyoni wakaona haifai waitikie, wakamwamkia wao: "Shikamoo dada." Ikabidi naye aitikie mmoja mmoja, maana asingeitikia wangemshtaki. Mchana akatokea mhandisi aliyeandika "Marahaba" kumbe Zamoyoni amemzidi miezi minne. Hapo ukazuka ugomvi wa barua mia mbili, watu wakaambatisha vyeti vya kuzaliwa. Mtu mmoja tu nchi nzima alifika ukurasa wa kumi na moja. Aliandika kwamba neno "vyombo" lingeanza kwa herufi kubwa, kwa heshima ya Bohari.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe kwenye kompyuta yangu, akaangalia zinavyoshuka. "Tazama," akanishika bega. "Tazama nchi inavyopendana."

Jioni mashine ikaelemewa, ikazima. Mpaka hapo zilikuwa marahaba elfu mbili mia tisa na tatu. Niliangalia kwenye orodha nikaona mafundi wa mitambo yote kumi na mmoja wamo. Wote wameitikia. Wallahi nilipata faraja. Nikaenda nyumbani nikala vizuri.

*

Mengine mmeyasikia. Ijumaa alfajiri mapipa yakafunguliwa kwa ngoma na redio. Kisha ikaundwa Tume.

Tume ilifanya kazi kubwa. Ilikuta kwamba barua ya Alhamisi ni mfano bora wa uandishi, na sasa inafundishwa vyuoni. Ilikuta kwamba fundi Zamoyoni Mbwiga alipiga kelele kwa herufi kubwa siku ya Jumatatu na akawatia wasomaji woga ambao uliwazuia kusoma baadaye, ingawa Jumatatu hiyo hakuna aliyeiona barua yake ila mimi. Akapewa barua ya onyo, yenye salamu nzuri. Mkurugenzi akapata nishani. Mimi nikapandishwa, nikawa Msimamizi Mkuu. Kuhusu wale wa Mlimbiko, Tume imeandika "baadhi ya wananchi," kwa hiyo idadi sina. Najua tu kwamba wiki ile huko walikosa mbao za kutosha za kufunikia makaburi, wakafuata mbao mji wa jirani.

Tume iliniuliza maswali mia na kumi. Yote niliyajibu vizuri. Kuna moja haikuniuliza, nalo ndilo linaloninyima raha, nawaambia ninyi kwa kuwa nchi yenyewe haipo.

Ijumaa hiyo nilifika kazini mapema. Saa moja asubuhi laini ya malalamiko ikalia.

"Kaka, usinisalimie," Zamoyoni akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Wamefungua. Redio inawataja mmoja mmoja. Wewe una daftari la namba, naomba namba zao."

"Dada Zamoyoni, kanuni ya thelathini na moja..."

"Naijua. Basi piga wewe. Kanifukuzishe kazi baadaye, nitakuja mwenyewe nikupe barua ya kujiuzulu mkononi. Lakini piga."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Niliona kibarua changu kinaota nyasi, nikaona wanangu, nikamwona Mkurugenzi anabadilisha miwani. Nilikaa na mkono kwenye ule ufunguo shingoni kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Yeye alikuwa bado yuko hewani, anapumua tu. Ndipo nikafungua kabati.

Nilipiga mitambo kumi na mmoja. Sikumsalimia mtu. Nikisikia tu "haloo" nasema "Funga maji, ni sumu!" Wengine walidhani ni mwendawazimu lakini walifunga kwanza ndipo wakauliza. Kumi walifunga, na maji yalikuwa hayajatoka nje ya uzio. Kumi kati ya kumi na mmoja, kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia maishani mwake.

Wa kumi na mmoja alikuwa Mlimbiko. Fundi wa pale ni mzee Hatibu Kilango, miaka hamsini na minane, yuko kwenye mtambo huo tangu ujengwe, na nyumba yake iko pale pale getini.

"Haloo."

"Funga maji! Funga sasa hivi!"

"Nani wewe?"

"Funga maji nakwambia, mapipa..."

"Wewe nani unanipigia asubuhi yote hii unanifokea, hata salamu huna? Umelelewa wapi?" Akakata.

Nikapiga tena. Hakupokea. Nikapiga mara ya tatu, ya nne, ya tano. Nilikuwa nalia sasa, sioni hata namba. Mara ya sita akapokea, hakusema haloo, aliningoja nianze mimi. Nikajua nikimkosea tena atazima simu kabisa. Nikaituliza sauti.

"Shikamoo mzee Hatibu."

"Marahaba," akasema, na nikasikia amelegea. "Enhee. Sasa hapo tunaongea kama watu. Habari za huko?"

"Nzuri mzee. Za kwako?"

"Mimi mzima. Za kazi?"

"Nzuri. Mzee, nilikuwa..."

"Za nyumbani?"

"Njema. Na wewe, mama hajambo?"

"Hajambo, huyu hapa jikoni, amefurahi kweli leo."

"Na wajukuu?"

"Wajukuu wazima, tunashukuru. Wamejaa hapa barazani wanakunywa uji."

"Mzee," nikasema, "uji huo umepikwa kwa maji gani?"

Akacheka. "Maji gani tena, mwanangu? Ya bomba. Ungekuwa karibu ningekukaribisha kikombe."